Makwapa ya Koti Jekundu

Mtoni, Temeke
12 Januari 2025

Mchumba wangu Noela,

Kabla hujaniuliza hali, jua kwamba unaandikiwa na mtu aliyepanda Mlima Kilimanjaro mara mbili, peku, na singlendi, na aliposhuka akaomba uji tu. Kwa hiyo mambo ya koti la mlimani usimwulize mwingine.

Haya, uongo umekwisha. Mwaka sabini na nane nilifika Moshi kwenye harusi ya Adelard, huyu jirani yangu wa bucha. Nilikaa siku mbili, mawingu yakaufunika huo mlima tangu naingia mpaka natoka. Mpaka leo sina hakika kama upo. Ndiyo maana Adelard akiwepo siwezi kusema nimeupanda, ananicheka mpaka kisu kinamponyoka.

Afya yangu ni ya kuungaunga, kama nguo ninazoshona. Goti linalia, tumbo linakula. Bibi yako Yustina anakusalimu na kusema umwambie mumeo (yaani mie) aache kunywa chai ya saa nne na saa sita.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba safari iliyopita mvua ilikunyeshea nje na jasho likakunyeshea ndani, mlipopumzika ukaanza kutetemeka mpaka wakakushusha. Kwamba huyo bosi wako Elinaza amesema safari ya Machi ndiyo ya kukupima: ukiimaliza vizuri unakuwa mwongozaji msaidizi, ukishushwa tena unarudi kubeba masufuria pamoja na wagumu, wapagazi wenzako. Sasa unataka koti linalozuia mvua lakini linapumua. Mjukuu, miaka arobaini kwenye cherehani, leo ndiyo nasikia koti linapumua. Ila sibishi.

Kwenye marobota ya mitumba ya wiki hii nimekuchagulia mawili. La bluu ni jepesi, ukilikunja linaingia kwenye kikombe. Jekundu ni zito, la kazi, na nimelikarabati kwa mkono wangu. Nimeyapima hivi: nimechemsha maji, nimefunga koti juu ya sufuria, nikashika kioo cha bibi yako juu yake. La bluu, kioo kikaingia ukungu. Jekundu, kioo kikabaki kikavu, nikajiona nilivyozeeka.

Nayatuma yote kwa basi. Barua iko mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia kuna kofia yangu, ile ya kahawia. Malipo yangu ni hayo: uifikishe kileleni, uipige picha, nimwoneshe Adelard. Umekubali, maana umeshaishika.

Mumeo mtarajiwa,
Babu Kasimiri


Moshi
30 Januari 2025

Shikamoo babu, mume wangu wa meno sita,

Mzigo umefika salama, hata konda hakuvaa. Mie mzima, kifua kimepona. Bibi Yustina mpe pole ya kuishi na wewe.

Makoti nimeyajaribu kwenye vilima vya huku juu, kila moja siku yake, njia ileile, na kilo kumi na tano mgongoni. Sufuria yako haikudanganya. La bluu linapumua. Ila babu, linapumua kama wewe ukipanda ngazi: taratibu. Nikienda mwendo wa wageni wazee, niko mkavu. Nikipanda mwinuko kwa kasi, jasho linatoka jingi kuliko linavyoweza kulipitisha, na nusu saa baadaye shati limegandana na ngozi.

Jekundu ndiyo usiseme. Ni kuoga umevaa.

Nimewauliza wazoefu. Wanasema hakuna kitambaa duniani kinachozuia mvua halafu kikaweza kutoa jasho lote la mtu anayepanda na mzigo. Kitambaa kinasaidia, lakini kinachookoa ni zipu za kwapani. Unafungua chini ya mikono, joto linatoka, mvua haiingii kwa kuwa mkono wenyewe ni paa. Elinaza analo la hivyo. Tena ni kama hili jekundu letu, nembo ileile kifuani, ila lake lina zipu ndefu kila kwapa na letu lina mshono tu. Labda ni toleo jingine.

Babu, hebu angalia kwenye marobota. Hujawahi kukutana na koti lenye zipu za kwapani?

Kofia ipo, nimeitundika msumarini. Inanitazama kama wewe.

Mjukuu wako,
Noela


Mtoni
9 Februari 2025

Mchumba,

Hapa jua linatuchoma hadi kuku wanatembea kivulini kwa foleni. Tu wazima.

Nimefanya utafiti mkubwa kwa ajili yako. Nimepata jingine la bluu, pacha wa lile lako, na jekundu moja lililobaki. Saa saba mchana nimevaa koti juu ya shati, nikatembea toka kwangu mpaka darajani na kurudi. Watu wakadhani nimerukwa. Suhaib, huyu wa bodaboda mteja wangu, kanifuata na pikipiki polepole, "Mzee Kasimiri, nikupeleke hospitali au nyumbani?" Nikamwambia nipo kazini.

Shati nimelipima kwenye mizani ya Adelard. Kavu lilikuwa robo kasoro. Baada ya koti la bluu, robo na nusu yake. Kesho yake, baada ya jekundu, nusu kilo kamili. Adelard kafuta mizani kwa majivu, kasema jasho la Mmakonde halitoki kwa sabuni.

Kwa hiyo bluu limeshinda. Panda na hilo. Nenda taratibu, mlima haukimbii.

Kuhusu hizo zipu za kwapani, sijaziona. Na sioni maana yake. Kwapa ni kitu cha kufichwa, atakayelifungulia dirisha ana lake jambo.

Bibi yako anakusalimu.

Babu


Moshi
20 Februari 2025

Shikamoo babu,

Natumaini goti limepoa. Asante kwa kutembea juani kwa ajili yangu, nimecheka mpaka nimeona huruma.

Nitapanda na la bluu tarehe 8 Machi. Ila nikuambie ukweli, naogopa. Unasema niende taratibu. Mgumu anaweza kwenda taratibu. Anayepimwa kuongoza hawezi: anatangulia, anarudi nyuma kumwangalia aliyechoka, anatangulia tena. Wageni wakipanda mwinuko mmoja mie napanda mmoja na nusu. Na mwezi wa tatu mvua za huku haziombi ruhusa.

Nikilowa tena kwa ndani nitatetemeka tena, na Elinaza hana maneno mengi.

Jekundu nimempa mwenzangu Loveness, wa jikoni. Kambini atakuwa amekaa, halitamsumbua.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, babu. Hukujiita hata mume wangu. Unaumwa?

Noela


Mtoni
6 Machi 2025

Noela mjukuu wangu,

Siumwi. Nimeona aibu.

Hili nalimaliza haraka, basi linaondoka alfajiri na nataka barua iwahi. Jekundu lako lina zipu za kwapani. Mie ndiye niliyeziziba.

Sijaziziba zako tu. Ni miaka sita sasa. Wateja wangu wa makoti hapa ni watu wa bodaboda, hao hawapandi, wamekaa, na upepo unawapiga. Walikuja wakilalamika, mzee, koti lako lina matundu kwapani, baridi ya alfajiri inaingia. Nikatazama, nikaona zipu mahali ambapo mtu mwenye akili asingeweka zipu. Nikasema wazungu wamekosea kukata, wakaona aibu, wakaweka zipu kuficha kosa. Nikaanza kushona. Kila koti lenye zipu kwapani nalishona kwa uzi mara mbili, nafunika kwa utepe, naliita "imara". Mtaa mzima wanajua koti imara ni la Kasimiri.

Uliponiuliza nilijua palepale. Nimekaa na barua yako mkononi mpaka chai ikapoa. Nikajiambia, mtoto ameshasema bluu linapumua, avae bluu, yaishe, nisionekane fundi mjinga. Halafu ukaandika unaogopa. Siwezi kulala na uongo wa namna hiyo. Ule wa kupanda mlima peku nalala nao vizuri tu.

Sasa sikiliza. Mnyang'anye Loveness lile koti, mpe la bluu. Hilo jekundu ligeuze ndani nje. Chini ya kwapa utaona utepe mweusi, ubandue. Chukua wembe mpya. Uzi ni mweupe, zipu ni nyeusi, kata uzi wa katikati kila baada ya mishono minne halafu vuta. Usivute kwa hasira, mie hushona ili isifumuke. Vua miwani yako ya urembo, tumia jua.

Kofia usipoipeleka sitasema kitu.

Babu yako


Moshi
15 Machi 2025

Shikamoo babu, mume wangu mwongo,

Nimeshuka jana. Niko mzima, nimeungua pua tu.

Barua yako ilifika tarehe 7, saa kumi jioni. Nimemkuta Loveness ameshalipaki jekundu. Kanitolea macho, "Dada, zawadi inarudishwa?" Nikamsomea barua yako yote, wagumu wakakaa chini kucheka. Mmoja akasema, "Huyo babu ashukuru anakaa mbali." Tukafumua kwenye ngazi za duka la jirani, Loveness kwapa la kushoto, mie la kulia. Babu, unashona kama unamfunga mwizi.

La kulia likafunguka, zipu ikateleza kama mpya. La kushoto tumefumua, meno ya zipu yapo, kichwa chake hakipo. Tumetafuta mpaka mfukoni. Giza lilikuwa linaingia, hakuna fundi. Nikafunga kushoto kwa pini tatu, nikapanda hivyohivyo.

Siku ya tatu mvua ilitukamata asubuhi na haikuacha mpaka tumefika kambini. Nimefungua kwapa la kulia tangu mwanzo. Nimetangulia, nimerudi, nimembebea mgeni mmoja mfuko wake, nimetangulia tena. Kwenye mashimo ya sindano yako maji yalipenya kidogo, kama kijiko. Tulipofika Elinaza kaja, kaingiza mkono ndani ya koti langu, mgongoni. Upande wa kulia mkavu. Kushoto unyevu. Kaangalia pini, kaangalia zipu. "Nani amekufanyia hivi?" Nikasema fundi wangu wa Temeke. Akasema, "Mwambie amalizie."

Sikutetemeka, babu. Hata kidogo. Safari ya Aprili natembea mbele, kwa jina langu kwenye karatasi.

Nilikukasirikia siku moja, njiani. Tulipofika juu ya mawingu ikaisha. Mlima upo. Nimeuona kwa niaba yako.

Bibi apokee busu, wewe subiri.

Mkeo,
Noela


Mtoni
24 Machi 2025

Mke wangu mwongozaji,

Tumekula wali kwa ajili yako. Adelard katoa nyama bila kupima, kitu ambacho sijakiona tangu harusi yake.

Ndani ya bahasha hii, kwenye karatasi ya sigara, kuna kichwa cha zipu. Usiulize kilikuwa wapi. Haya, nilikihamishia kwenye suruali yangu ya kanisani. Jumapili nimekwenda na pini, nimekaa benchi la nyuma, na wakati wa kusimama sikusimama. Kwenye ncha ya chini ya zipu fumua kidogo, kiingize, halafu shona mishono mitano. Mitano tu.

Hapa kwangu sasa ni kufumua. Nimetangaza mtaani, mwenye koti imara alilete, akitaka kwapa lifunguliwe ni bure. Suhaib kaja wa kwanza, "Mzee, kumbe miaka mitatu unanipika?" Nimemfungulia. Jana kanirudia anataka nimzibe tena, baridi ya alfajiri. Nimemwambia zipu hufungwa kwa mkono, mwanangu. Tumetazamana kama wajinga wawili.

Sasa, mke wangu. Umenieleza kwapa la kulia na la kushoto. Umenieleza mvua, pini, mkono wa Elinaza, hata pua yako. Kofia yangu hujaitaja hata kwa herufi moja.

Najua nilisema sitasema kitu. Nilikuwa kwenye aibu, mtu akiwa na aibu hutoa ahadi za kijinga. Adelard anauliza kila asubuhi. Kama ilifika juu, nitumie picha. Kama imebaki kwenye msumari, Aprili si mbali, inakaa vizuri mfuko wa kulia.

Babu Kasimiri