Mwenyeji Huonja Kwanza

Haydom,
8 Juni 2014

Mpendwa Shangazi Kornelia,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepona uvimbe wa safari. Sisi hatujambo, ila kuku mwekundu bado anatagia kwenye kapu la mkaa.

Shangazi, jana jioni tumekuona! Fundi Xavery aliitoa televisheni hadi kibarazani kwake, tukajaa: wauza ndizi, vijana wa bodaboda, ndugu wa wagonjwa wanaokula kwenye banda lako. Walipotaja "Kornelia Tluway, mama lishe kutoka Haydom, Mbulu," nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Mlikuwa washiriki kumi na wawili wa shindano la mapishi, na wewe peke yako ulifunga khanga kiunoni badala ya aproni. Yule dada wa tambi alizimwagia mchuzi kwa kijiko cha chai, kama anampa mtoto dawa. Yule kaka wa samaki aliunguza mkia, akaufunika kwa kipande cha limau. Mimi nilimwona! Majaji hawakumwona.

Ugali wako wa mtama ulitoka vizuri. Kisha ukamimina maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, ukajaza kata ya kunywea, ukanywa funda moja, ndipo ukampa jaji mwenye kofia ndefu. Akarudi nyuma. "Mama, hapa si kilabuni. Unanipa mabaki yako?" Akakukata alama, na ukumbi wote ukacheka.

Nimekasirika. Nani asiyejua kwamba mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni aone hakuna ubaya ndani? Angeuliza tu, angejibiwa.

Lakini umevuka raundi ya kwanza. Chuo cha mapishi kinakusubiri.

Mwanao,
Agatha


Dar es Salaam,
14 Juni 2014

Kwako mwanangu Agatha,

Marahaba. Mguu umepona, sasa ni joto la huku linalonivimbisha. Simu zetu bado wamezifungia kabatini, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Barua nampa kondakta yuleyule wa basi aliyeniletea yako. Huyo kuku mwache, akianza kuatamia atahama mwenyewe.

Nimevuka nikiwa wa mwisho. Msimamizi aliniita pembeni, akasema, "Mama Kornelia, ukirudia ile ya kunywa kwanza, unarudi nyumbani."

Nimefikiri sana. Mimi niliishia darasa la saba kwa sababu baba alihitaji mchungaji wa mifugo. Mshindi hapa anasomeshwa miaka miwili na kupewa cheti. Nina miaka arobaini na mitatu, mlango kama huu hautafunguka tena. Nitaacha kuonja.

Ila niambie ukweli kitu kimoja. Pale kwa Xavery, watu wetu walicheka?

Shangazi yako,
Kornelia


Haydom,
18 Juni 2014

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Barua hii nimeianza mara tatu.

Walicheka. Xavery alicheka mpaka akashikilia mlango. Na mimi nilicheka, Shangazi. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini kilitoka mdomoni mwangu. Niliogopa wote wangenigeukia mimi, mtoto uliyemlea.

Aliyekataa kucheka ni Mzee Gidahosh, yule mfugaji wa Getanuwas ambaye mkewe bado amelazwa. Alisimama mbele ya televisheni na fimbo yake, tukakosa kuona.

"Mzee, unaziba!" Xavery akalalamika.

"Naziba ndiyo. Mama huyu amenilisha wiki sita. Babu yangu na babu yake waliibiana ng'ombe. Siku ya kwanza nilikaa bandani kwake na njaa yangu, nikiutazama uji tu. Akanywa yeye, ndipo na mimi nikanywa." Kisha akanitazama. "Na wewe binti, mbona meno yako yako nje?"

Nimeona aibu, na aibu hiyo ni yangu, si yako. Nisamehe.

Sasa nakuomba kwa heshima zote: usiache. Chuo nakitamani kwa ajili yako kuliko unavyokitamani mwenyewe. Lakini wakikupa cheti kwa kuwa umekubali kwamba sisi ni wachafu, utakitundika ukuta gani? Onja, Shangazi. Wakiuliza sababu, waeleze. Wasipouliza, waeleze hivyohivyo.

Mwanao,
Agatha


Dar es Salaam,
24 Juni 2014

Mwanangu,

Marahaba, na nimekusamehe. Hata mimi nilitaka kucheka siku ile, ili nifanane nao.

Raundi ya pili tumeshapika. Nimesaini kwamba sitasema matokeo kabla hayajaonyeshwa, na wanatuweka wote hapa mpaka Jumamosi. Basi sikuambii. Angalia tu.

Mpe Mzee Gidahosh uji bila kumdai.

Shangazi yako,
Kornelia


Haydom,
29 Juni 2014

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote, na mke wa Mzee Gidahosh ameanza kutembea.

Jana nilikwenda kwa Xavery na kibuyu kile kidogo cha maziwa. Kabla hamjaonyeshwa, nilisimama mbele ya watu wote nikanywa funda moja. Kisha nikampa Mzee Gidahosh. Xavery alianza kuguna, nikamwambia, "Kaka Xavery, cheka tu, ila kikombe chako kinakwenda kwa jirani." Akanyoosha mkono.

Ndipo tukakuona. Ulijaza kata, ukanywa polepole. Jaji akakunja uso. Ukamwambia, "Kwetu mgeni hanywi kitu ambacho mwenyeji anakiogopa. Kama wewe unakiogopa, mimi sikiogopi." Ukaimaliza kata yote mbele yake, ukapangusa mdomo kwa khanga.

Hakuna aliyecheka, Shangazi. Wakataja jina lako miongoni mwa wanaotoka. Kisha Mzee Gidahosh akasema, "Amewanyima maziwa yake," na Xavery akazima televisheni kabla haijaisha.

Nililia kidogo, kwa ajili ya chuo. Lakini vyuo havihami. Nimemuuliza mwalimu wangu kama vipo vinavyopokea mtu wa darasa la saba, na amesema atatafuta. Nitamkumbusha kila siku mpaka anikimbie.

Ukishuka kwenye basi usiende jikoni. Kaa kwenye benchi la wateja. Kikombe chako cha bluu nimekiosha, na safari hii mgeni ni wewe.

Nitaonja mimi kwanza.

Mwanao,
Agatha