Chumba cha Upande wa Bahari

Jumapili, 4 Agosti

Mjomba amekuja leo. Hakuja na mkate wala sukari. Amekuja na futi ya kupimia.

Amepima mlango wa ukumbi wetu wa mikutano, akapima na madirisha. Akasema lori linaweza kurudi kinyumenyume mpaka kizingitini. Anataka pawe ghala la saruji. Nyumba hii ya wageni aliiacha marehemu babu, kwa hiyo ni yao wote wawili, yeye na Mama. Ameshasema: msimu huu ukiisha bila wageni wa mikutano, basi, anaanza kushusha mifuko.

“Dada, wewe unafuga viti,” alimwambia Mama. “Na viti havitagi.”

Mama aliendelea kuvivisha viti vitambaa vyeupe na kuvifunga utepe nyuma. Hufanya hivyo kila Jumapili, mgeni awepo asiwepo.

Ghala likija, Mama ataenda kufua mashuka kwenye ile hoteli kubwa ya upande wa pili wa kisiwa, hiyohiyo iliyotunyang'anya wageni. Mimi nitapelekwa ng'ambo kwa Mama mdogo, nimalizie shule huko. Mama mdogo ni mwema. Lakini nyumbani kwake hakuna kitabu hata kimoja, na televisheni inawaka kuanzia alfajiri. Na Mama atabaki na nani?

Sijamuuliza mtu. Nimekuandikia wewe, daftari, maana wewe hunikatizi.

Jumanne, 6 Agosti

Simu!!

Mama aliongea amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Kampuni ya vifaa vya ujenzi, semina ya wafanyakazi, siku tatu, wiki ijayo. Wanachukua nyumba nzima! Aliyepiga ni mtu wa ofisini kwao, na kila sentensi yake ina neno “ratiba”. Nimembatiza Bwana Ratiba.

Aliuliza mara mbili boti inakuja lini. Mama aliona aibu. Akasema ukweli: Jumatatu na Ijumaa tu, katikati hakuna. Alifumba macho akingoja tumkose.

“Amesema safi sana!” Mama alitwambia, mkono bado uko juu ya simu. “Safi sana, amesema!”

Mpishi wetu aligonga sufuria kwa mwiko kama ngoma. Hata mimi nilicheka kwa sauti.

Alhamisi, 8 Agosti

Kusugua, kufuta, kusugua. Asante Mungu ni likizo. Mashine ya kuonyeshea picha ukutani haiwaki mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mama anajua mahali pa kuipiga.

Somo lake kwangu ni lilelile: niongee na wageni. “Umejaa maneno kama kamusi,” anasema, “lakini ukimwona mgeni unakuwa kamusi iliyofungwa kwa kamba. Neno moja tu, mwanangu. Mgeni hakumbuki feni, anakumbuka neno.”

Nimeahidi neno moja. Bado sijui lipi.

Kazi ninayoiweza ni ya keki. Kila kundi linalokuja kwetu hupata keki yenye maandishi, ni desturi ya Mama tangu ukumbi ufunguliwe. “Hoteli kubwa wana lifti,” husema, “sisi tuna keki.” Maandishi ni yangu, kwa sababu mwandiko wangu hautetemeki. Mdomo ndio unaotetemeka.

Jumatatu, 12 Agosti

Wamefika. Nusu wametapika njiani, nusu wanawacheka waliotapika, lakini wameshuka wakiimba. Wote wamevaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni SISI NI FAMILIA. Wamepigana picha mpaka na mapipa yetu ya maji.

Mmoja ni baba mrefu mwenye mvi, mtunza stoo. Wenzake wanamwita Mzee Misumari. Alikuwa amevua viatu vyake vipya na kuvibeba mkononi, visiloe. Anasema hajawahi kupanda boti, wala kuitwa kwenye mkutano wenye viti vya kuvalishwa nguo. “Mke wangu ametangaza mtaa mzima,” alimwambia Mama. “Mume wangu kapelekwa kisiwani! Hata muuza maji anajua.”

Aliniona na kitabu. Nikakificha nyuma.

“Usifiche, msomaji mwenzangu,” akasema. “Mimi husomea juu ya magunia ya misumari. Yanachoma kidogo, lakini husinzii.”

Nilikuwa na majibu kumi. Nikatikisa kichwa. Mjinga mimi!

Jumanne, 13 Agosti

Siku ya kwanza ya semina imekwenda vizuri. Michezo ya kurushiana mpira, halafu hotuba kuhusu mabadiliko. Mashine iligoma, Mama akaipiga kofi lake, ukumbi mzima ukashangilia.

Jioni Bwana Ratiba alimwita Mama pembeni. Kesho baada ya chai wataligawa kundi. Wengi watabaki ukumbini. Tisa wataenda kwenye chumba kidogo. “Hao muwaangalie kwa namna ya pekee,” akasema. “Wengine wametumikia miaka mingi. Muwape utulivu, maji, tishu.”

Mama alikuja jikoni anang'aa. Waliofanya vizuri! Wanakwenda kupewa tuzo! Tumehamishia viti vyetu bora kwenye chumba cha upande wa bahari, tumefungua mapazia yote. Tishu nimezikunja kama maua.

“Tuzo gani inaagiziwa tishu?” Mpishi aliuliza.

“Watu hulia kwa furaha! Wewe hukulia siku ya harusi yako?”

“Nililia. Lakini si kwa furaha.”

Keki iko tayari. Nimeandika HONGERENI kwa sukari laini ya rangi ya waridi. Herufi H imetoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumatano, 14 Agosti

Nataka kuandika kwa mpangilio. Najaribu.

Baada ya chai Bwana Ratiba alisoma majina ya watu tisa, akasema binti wa nyumba atawapeleka. Binti wa nyumba ni mimi. Mzee Misumari alisimama, akaweka sawa kola yake. Viatu vipya alikuwa amevivaa.

Kwenye korido alikuwa karibu nami kabisa. Nikajiambia, sasa. Neno moja.

“Hongera,” nikasema. Kwa sauti. Bila kutetemeka.

Akasimama. “Asante, mwanangu! Kumbe una sauti!” Akawageukia wa nyuma: “Mmesikia? Huyu mtoto anajua kabla yetu!” Wote wakachangamka. Nikafungua mlango, bahari ikaonekana, wakapiga makofi kwa ajili ya bahari. Bwana Ratiba akaingia wa mwisho, akafunga.

Mama alisema tuwape muda kidogo, halafu tuingie na keki. Tukaingia. Mpishi mbele na keki, Mama nyuma yake anapiga vigelegele, mimi na visahani.

Vigelegele vilikatika katikati.

Walikuwa na barua magotini. Bwana Ratiba alinyoosha mkono kama mtu anayesimamisha gari. Wameachishwa kazi. Wote tisa. Chumba cha upande wa bahari ndicho cha kuambiwa hayo.

Kisha mama mmoja karibu na dirisha akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Mzee Misumari alikuwa anaisoma keki. Midomo yake ilicheza, herufi kwa herufi, kama wasomavyo watu wapendao kusoma. Halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Heri angekuwa nayo.

“Samahani,” Mama alisema, “tumekosea chumba.” Akaichukua keki mikononi mwa Mpishi, akatoka nayo.

Waliobaki ukumbini walikuwa wamesikia vigelegele. Wakapiga makofi upande wao wa ukuta. Makofi marefu.

Alhamisi, 15 Agosti

Boti ni kesho. Hawana pa kwenda.

Wanatembea ufukweni, wanarudi, wanakwenda tena. Fulana wamezigeuza ndani nje. Wakati wa kula wanakaa meza yao, na wengine wanakaa mbali nao, wanaongea na sahani. Yule mama wa dirishani alimwuliza Mama kama kuna mtu wa kuwavusha leo. Kwa upepo huu hakuna anayevuka. Semina inaendelea ukumbini. Leo ni somo la moyo wa ushirikiano.

Mama alinituma na chai gatini. Mzee Misumari alikuwa amekaa mwisho kabisa, soksi ndani ya viatu, viatu ubavuni. Njia nzima nilirudiarudia: nisamehe, sikujua. Nisamehe, sikujua. Nikaweka kikombe, nikageuka.

“Kile kitabu unakisoma bado?”

“Ndiyo.”

“Kinaishaje?”

“Sijafika.”

“Ukifika usiniambie,” akasema. Akanywa chai.

Ile “nisamehe” bado iko kooni.

Ijumaa, 16 Agosti

Wameondoka.

Bwana Ratiba alimshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nakunja vitambaa, nimesikia yote. Anasema sehemu kama hii hajawahi kuiona. Mjini ukimpa mtu habari ya namna hii anatoka nje, anapiga simu, anarudi na wenzake, zogo mlangoni. “Hapa kwenu hakuna pa kutokea. Wanapata siku mbili za kupoa. Na wakipoa wanapoa kweli.” Atawaambia wenzake wa kampuni nyingine.

Mama alikumbuka kuomba radhi kwa ajili ya keki.

“Ah, usijali! Ilivunja ukimya.”

Gatini Mzee Misumari alipita mbele yangu na viatu mkononi. Akasema atamwambia mkewe kisiwa ni kizuri. Huo si uongo, akasema. Ataanzia hapo.

Jumapili, 18 Agosti

Simu mbili tangu Ijumaa. Kampuni ya bima, na nyingine ya kusambaza vinywaji. Wote wawili wameuliza boti inakuja siku gani. Wote wawili wamesema safi. Safari hii Mama ameongea amekaa, mkono shavuni.

Watu wa bima wanakuja kesho hiyohiyo. Wana haraka.

Mjomba alipita na futi yake mfukoni. Mama akamwambia ukumbi umeshachukuliwa, na wengine wanaulizia mpaka mwisho wa mwaka. Mjomba akapiga paja: “Lahaula! Kumbe vinataga!” Mama akatoka nje kuanua mashuka ambayo hayajakauka.

Kwa hiyo siendi kwa Mama mdogo. Nilichokiomba nimekipata. Nimekaa ukumbini kati ya viti kutafuta furaha, nikakosa.

Nilimfuata Mama kwenye kamba. “Tukatae?”

Hakunitazama. “Tukikataa hawatafukuzwa? Watafukuzwa vilevile, mwanangu. Ila kwenye chumba kisichokuwa na bahari.”

“Lakini kwetu wanakuja wakiimba.”

Akakunja shuka bichi. Akalikunja tena, likawa dogo kabisa. “Nipe jibu wewe msomi,” akasema. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anangoja kweli.

Mchana kutwa nimelitafuta, hata vitabuni.

Jumatatu, 19 Agosti

Wa bima wameshuka. Fulana za bluu. Waliimba tangu boti ikiwa mbali.

Kuna dada mmoja, kijana, amenipiga picha nimeshika sinia. Anasema ofisini hakuwahi kuchaguliwa kwenda popote, hii ni mara yake ya kwanza. Nilimpa ufunguo wa chumba chake. Sikusema neno.

Jumanne, 20 Agosti

Mtu wao wa ratiba amemwambia Mama kwamba kesho baada ya chai watahitaji chumba kidogo. Kaagiza maji. Kaagiza tishu. Mama alimwuliza ni wangapi. Hakumwuliza ni akina nani.

Mpishi alipendekeza tuache habari ya keki. Mama alikataa. “Tangu nifungue mlango huu hakuna aliyeondoka bila keki. Nikiacha hilo pia, mimi nitakuwa nani?”

“Basi tuandike poleni,” Mpishi akasema.

“Uandike poleni kabla hawajaambiwa? Wakiiona usiku wa leo?”

“Karibuni?”

“Karibuni wapi?”

Mpishi amekwenda kuosha masufuria. Naandika haya jikoni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Keki imepoa. Ni nyeupe tupu. Sukari ya waridi iko tayari kwenye karatasi niliyoikunja kama koni, imeanza kukauka kwenye ncha.

“Wewe ndiye mwenye maneno,” Mama anasema. Anajifuta mikono ambayo haina maji.

Nimefikiria “Nisamehe”. Ni neno lililobaki kooni tangu gatini. Lakini hilo ni langu na la Mzee Misumari, si la hawa.

Yule dada wa picha amechungulia dirishani. Amenusa, amecheka.

“Jamani, keki! Ya nani hiyo?”

Yeye na Mama wananitazama mimi.