Maji Moto Yana Mwenyewe

Jangwani, karibu na Quartzsite, Arizona
17 Januari

Kwa kaka yangu Lowell,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako vyote kumi vikiwa mahali pake, maana Mama amesoma kwamba huko Minnesota wiki hii mate yanaganda kabla hayajafika chini. Je, kiwandani wanakupa glavu nzuri? Unakula? Mama anasema usinijibu kwamba unakula, utaje unakula nini. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na baridi yabisi ya mikono, Baba hasumbuliwi na chochote anachokubali kukitaja, nami nimepata alama nzuri katika historia na mbaya katika hesabu, kama ulivyotabiri.

Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua. Kwenye simu maneno yangu hukaa mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Kwenye karatasi angalau nikinyamaza hakuna anayeniuliza kama bado nipo.

Tumeegesha trela pale pale pa mwaka jana, mlango ukitazama milima, duara letu la mawe ya kuotea moto likiwa kama tulivyoliacha. Kitanda changu bado ni kile cha nyuma, juu ya hita. Nadhani hujawahi kulala hapo, kwa hiyo hujui. Mama akiwasha gesi jioni, kwanza husikika tik, kisha pumzi ndefu ya moto, halafu tanki linaanza kusema peke yake, polepole, kama mtu anayehesabu shanga huku amesinzia. Joto hupanda kupitia ubao hadi kwenye godoro. Mimi hufunga kitabu nikasikiliza. Wakati mwingine huona kama trela yote ni mnyama mkubwa aliyelala jangwani, nami nimelazwa karibu na moyo wake. Najua utacheka. Cheka.

Habari kubwa ya kambi msimu huu ndiyo hiyo hiyo hita. Jirani yetu mpya, Mzee Delbert, mjane kutoka Idaho mwenye masikio makubwa na roho kubwa zaidi, amefunga kwenye trela yake hita isiyo na tanki, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Kila jioni yeye na Baba hukaa motoni na kubishana kama wachungaji wa makanisa mawili. Mzee Delbert humwambia Baba kwamba anazunguka Amerika nzima na birika la chai mgongoni: analipasha, linapoa, analipasha tena, na akija mtu wa nne birika tupu! Baba humjibu kwamba hiyo hita yake ni kama mjomba wetu Arvid: bila kumiminiwa kinywaji hafanyi kazi, ukiacha kummiminia hata dakika moja ananuna, na akirudi kazini kwanza anakumwagia baridi mgongoni. Watu wa trela za jirani huja na viti vyao kusikiliza.

Na kweli Baba ana hoja. Sisi jangwani tunaoga kama alivyotufundisha: jiloweshe, funga, sabuni, fungua, suuza, toka. Kwa namna hiyo lita ishirini na tatu za tanki zinatosha watu watatu, yaani Mama, mimi, halafu wewe. Baba wa mwisho, na yake baridi. Ile hita nyingine haipendi kufungwa katikati. Lakini Mama naye ana mikono yake. Asubuhi anataka kuiloweka katika maji ya moto mpaka vidole vikunjuke, naye anaona haya kutumia ya wenzake. Basi Krismasi ilipopita Baba alisalimu amri. Alikubaliana na Mzee Delbert kwamba mpwa wake angeleta hita mpya Jumamosi, na tanki letu lingeng'olewa na kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba bora hilo tanki liondoke, maana kila akilifungua anakumbuka asilotaka kukumbuka.

Sote tulijua ni nini. Nisamehe kwa kukurudisha Machi, kule Tucumcari, lakini sina njia ya kupita kando. Baba alikuwa amelimwaga tanki na kulijaza siki ili chokaa ilainike, akalimwaga tena, akabandika utepe mwekundu juu ya swichi ya umeme. Hata mtoto wa trela anayejifunza kutembea anajua kwamba koili, ule waya unaopasha maji kwa umeme gesi isipowashwa, haiwashwi tanki likiwa kavu. Saa moja baadaye kukawa na harufu ya kuungua, na koili ikawa nyeusi kama kiberiti kilichotumika. Utepe ulikuwa mahali pake, umelazwa vizuri. Ndiyo uliokuponza. Baba alisema kosa analisamehe, lakini aliyerudisha utepe ni mtu aliyekusudia kuficha, na aliyekuwa karibu na mlango ni wewe. Ulisema, “Sikugusa.” Ulisema mara tatu. Naye akasema pikapu yake haitaendeshwa na mwongo, wakati wiki ile ile ndiyo alikuwa amekuahidi usukani mpaka Colorado. Siku tatu baadaye ukapanda basi. Tangu hapo hatukutengeneza koili. Tunatumia gesi tu, na utepe bado uko pale.

Sasa nikueleze ya Jumatano. Mzee Delbert alitualika tuijaribu hita yake mmoja mmoja, ili tusije tukasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Baba alikwenda mjini kujaza madumu. Mama alitangulia, akatoka uso umeiva na anakunja vidole hewani kama anayepiga kinanda, akisema, “Ee, Delbert, unaishi kama mfalme na hukutuambia!” Kisha zamu yangu. Mzee alinipa kanuni moja: nisifunge bomba katikati, ila niimbe wimbo mmoja, na ukiisha nitoke. Alisema yeye huimba wa jeshini, ubeti mmoja tu, maana wa pili una matusi.

Lakini kaka, mimi siimbi.

Niliingia kwenye maji yale, na hayakuwa na mwisho. Sijui nikuelezeje. Maisha yangu yote nimeoga nikihesabu, kidole kikiwa kwenye bomba, nikijua kwamba kila tone la moto ninalochukua ni la mtu anayengoja nje na taulo. Hapa hapakuwa na mtu wa kumnyima. Mvuke ulijaa hadi kuta zikapotea. Nikafumba macho, na badala ya kuimba nikaanza kukuandikia barua kichwani. Nilianza na salamu, nikauliza glavu, nikafika kwenye siki na utepe, nikaona sentensi inayofuata imesimama mbele yangu kwenye mvuke, inangoja, nami nikawa naizunguka, naizunguka. Sikujua ni muda gani umepita. Nilichojua ni kwamba miguu yangu ilikuwa ndani ya ziwa, nami nikadhani ziwa hilo ni sehemu ya ndoto.

Halikuwa ndoto. Tanki lake la maji machafu lilikuwa limejaa, na maji yaliyokuwa yakishuka yalianza kupanda, yakavuka kizingiti cha bafu, yakaingia kwenye zulia. Kisha pampu ikakohoa mara mbili, na lile tanki la maji safi, lita mia na tisini za kumtosha mzee wiki mbili, likawa tupu. Unajua maana yake jangwani. Itabidi akunje turubai la kivuli, akusanye viti, ainue miguu ya trela, aivute hadi kituo cha kumwagia maji machafu, kisha arudi na kuanza upya, na yeye ana mgongo mbovu.

Nilitoka nikiwa na taulo kichwani, siwezi kuinua uso. Mzee Delbert alikuwa anasukuma maji nje kwa ufagio, kandambili zake zikielea. Alinitazama, akatazama zulia, akasema kwa upole, “Binti, huo wimbo ulikuwa na beti ngapi?”

Wakati huo huo pikapu ya Baba ikafika. Akashuka, akaona mto unatoka mlangoni, akauliza kwa sauti nani amefanya maajabu haya. Kabla sijafungua mdomo Mzee Delbert akajibu kwamba ni yeye, ameliacha bomba wazi akaenda kutafuta miwani iliyokuwa puani. Baba alicheka, Lowell. Alicheka mpaka akashika kofia. Akamwambia maji ya moto hayaishi lakini akili ya mwenyewe imeisha, na watu wa trela ya pili wakatoka kusikia utani. Mzee akacheka nao, na kwa siri akanikonyeza.

Nilisimama pale nikitazama mtu mwema akibeba la kwangu, kwa mara ya pili katika maisha yangu. Tofauti ni kwamba huyu aliombwa na moyo wake, wewe hukuombwa na mtu.

Nikasema, “Ni mimi, Baba.” Akaniambia anajua nampenda jirani lakini nisimharibie uongo wake mzuri. Nikasema tena kwamba ni mimi niliyemaliza maji, na ya Machi pia ni mimi.

Basi, ndiyo ile sentensi. Ilinichukua miezi kumi na lita mia na tisini. Asubuhi ile wewe ulikuwa nje unafunga minyororo ya trela. Mimi nilikuwa ndani, nataka kuosha nywele kabla ya kwenda maktaba, na kitabu kiko mkono wa kushoto kwa sababu nilikuwa nimebakiza kurasa chache. Nilibandua utepe, nikabonyeza swichi, nikaubandika tena na kuusawazisha kwa kidole gumba, bila kuinua macho. Sikukusudia kuficha. Mimi ni mtu ninayerudisha vitu mahali pake, basi. Lakini harufu ilipokuja nilijua, na Baba alipokuwa anakuita mwongo nilikuwa nyuma ya pazia nikisoma ukurasa mmoja mpaka jua likazama, na mpaka leo sijui ukurasa huo ulisema nini. Hapo ndipo nilipoficha. Sisemi nilikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na ulimi ninao.

Baba hakunigombeza. Aliketi kwenye ngazi ya trela ya watu, viatu ndani ya maji. Akaniuliza ulisema mara ngapi kwamba hukugusa. Nikamwambia tatu. Akasema, “Mimi nilisikia moja.” Kisha akaenda kumfungia Mzee Delbert trela, akaivuta mwenyewe hadi kituoni. Mimi nilikausha zulia siku mbili, na mzee ananiita Mhandisi wa Mafuriko.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kulijua ila ulale kwenye kitanda changu. Tangu uondoke, ungedhani Baba angeoga wa tatu, kwa maji ya moto yaliyokuwa yako. Hapana. Anaoga wa mwisho, na anapooga tanki liko kimya kabisa, halinywi maji mapya, yaani anafungua baridi peke yake. Ubao wangu hubaki na joto hadi alfajiri. Miezi yote hii nimelala juu ya fungu lako. Jana nikathubutu kumuuliza kwa nini hayatumii. Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari, akasema, “Yana mwenyewe.”

Hita mpya haikuja Jumamosi. Baba amesema neno la hita litaamuliwa na wote wanaooga, siyo watatu kati ya wanne. Mama amesema mikono yake inaweza kukungoja wewe hadi Machi, isizidi siku moja, na asubuhi mimi humpa zamu yangu ailowekee. Koili mpya imenunuliwa, iko kwenye boksi lake mbele ya usukani, na Baba hataki mtu aifunge kabla hujafika.

Usinisamehe haraka ili kunifurahisha. Nikasirikie kwanza, ni haki yako. Lakini ndani ya bahasha utakuta ufunguo wa pikapu. Baba aliomba nafasi aongeze maneno yake hapa chini, nikamwachia karatasi na kalamu tangu chai ya asubuhi. Nimerudi nimekuta karatasi nyeupe na huo ufunguo juu yake.

Mama anakubusu na anauliza tena unakula nini. Mzee Delbert, ambaye hujamwona, anakusalimu na kusema kwake kuna maji, dada yako asipotangulia. Uvae soksi mbili.

Mimi mdogo wako aliyekukosea,
Maren

Jioni hii Mama amewasha gesi. Tanki limeanza kuhesabu. Nimeoga haraka, nimefunga vizuri. Anayefuata ni wewe.