Bobari mpya na mguu wa kitanda

Jumatano, baada ya isha

Sijui nani alinituma kujionyesha mbele ya Bi Rukia. Alikuja karakana kutazama miguu ya kitanda cha harusi ya mwanawe, nami nikaiacha bobari ya marehemu baba, ile patasi nyembamba ya mviringo aliyonifundishia kukereza. Nikachukua mpya, pana, inayong'aa. Nilitaka aone kwamba fundi wa Konde naye ana vifaa.

Mashine ya kukereza ikizunguka, niliisukuma bobari kwenye mguu wa mfenesi kwa pupa, bila kuulaza mgongo wake juu ya mti kwanza. Ikang'ata. Mguu ukachomoka, ukapita mlangoni, ukatua katikati ya kuku wa jirani.

Bi Rukia alikuwa kashajibana nyuma ya mlango. "Fundi, kitanda changu kinakwenda wapi? Harusi haijafika!"

Alhamdulillahi hakuumia mtu. Lakini hata sasa nikifumba macho nauona mguu ukimpitia Bi Rukia karibu na sikio. Na bobari ile mpya, kusema kweli, naiogopa.

Nikauokota mguu, nikaufunga tena, nikarudia bobari ya baba. Safari hii nililaza mgongo wake juu ya mti, nikainua mpini polepole mpaka makali yakagusa. Maranda yakatoka marefu kama tambi. Kimya, laini, raha tupu.

Bi Rukia akaupapasa mguu, akaridhika. "Mzuri, mashaallah. Mitatu iliyobaki atakuja kuitazama mume wangu."

"Kwa nini si wewe, Bi Rukia?"

"Yeye kashaishi vya kutosha."