Kitabu Kwako, Dadu Kwangu

Nachingwea,
9 Juni 2024

Mtani wangu Makoye,

Tuanze na afya, mchezo baadaye. Mimi mzima, ukiondoa magoti, meno, na sikio la kushoto ambalo sasa limemfuata mwenzake wa kulia. Mguu wako je? Penina hajambo? Ng'ombe siwaulizi, maana ukianza habari zao utajaza kurasa nne na hutabakiza nafasi ya mambo ya maana.

Tulipogawana lile sanduku la mchezo aliloniachia daktari Mzungu aliyenifundisha kuucheza, kitabu kwako kwa sababu ulifika kidato cha pili na Kizungu unakisoma, dadu kwangu kwa sababu nilipokuwa mpishi hospitalini nilimpikia daktari yule ugali mpaka akaupenda, nilidhani tumegawana kwa haki. Kumbe umenipunja. Mimi nina vijiwe saba vya rangi visivyosema kitu. Wewe una sheria zote.

Haya, kesi. Tumesimama mbele ya lango la Joka Kipofu, palepale tulipoachia mezani kwangu siku uliyotoka wodini. Vibwengo wawili wanalinda. Mchawi ninayemcheza mimi, Letisia, binti wa miaka ishirini na mbili, mzuri (usicheke, mzee wa sabini na nne ana haki ya kuwa anachotaka akiwa mezani), anayo ile dawa ya kutoonekana. Wewe mwenyewe ulinisomea kwamba ikishika, haonekani yeye wala alichobeba. Sasa nauliza: akimbeba shujaa wako Mashimba mgongoni, na shoka lake, na deraya lake la chuma, vibwengo watamwona Mashimba au hawatamwona?

Jibu mpe Adinani, yule mchuuzi wa kuku, huku anapita kila wiki. Simu usipige. Nikiishika nabaki kuitikia "eeh, eeh", na mwisho najikuta nimekubali sheria nisiyoijua.

Mtani wako,
Fransisko


Mbwemkuru, Ruangwa,
20 Juni 2024

Shikamoo mzee Fransisko,

Sisi huku tunaendelea. Mguu unatembea, ila asubuhi unanikumbusha kitanda cha hospitali. Penina anakusalimu, anauliza kama bado unakula uji mara tatu kwa siku na kuuita chakula. Ng'ombe hawajambo. Nimeishia hapo, umeona.

Unaniita mtani. Nilishakwambia wodini, Msukuma na Mmwera hawana utani tangu mababu. Utani huu uliutangaza wewe peke yako ili uninywee soda yangu nikiwa nimening'inizwa mguu siwezi kukufukuza. Lakini sasa umeshazoeleka, basi uendelee.

Kuhusu kesi. Kitabu kinasema "alichobeba", hakisemi mtu wala mzigo. Kwa hiyo hoja yako inasimama. Ila kubeba maana yake ni kutembea nacho. Kusimama nacho ukitetemeka hakuhesabiki. Letisia nguvu zake nane tu. Mashimba na chuma chake ni mzito kuliko ndama wa mwaka, na ndama wa mwaka mimi nimembeba, najua. Naamua hivi: ajaribu. Rusha dadu kubwa ya nyuso ishirini. Ikitoka kumi na nane kwenda juu, amembeba na hawaonekani wote wawili. Ikipungua, wameanguka na vibwengo wamesikia chuma.

Mtani wako wa kulazimishwa,
Makoye


Nachingwea,
30 Juni 2024

Mtani wa kulazimishwa,

Marahaba. Uji nakula mara mbili, mwambie Penina. Ya tatu ni chai.

Ishirini. Nimerusha juu ya meza ileile tuliyochezea, ikazunguka, ikagonga kikombe, ikalala. Ishirini. Shahidi wangu ni kuku niliyebaki naye, yule mweupe ninayemwita Mama Mkuu kwa jinsi anavyotembea. Muulize.

Umezungumzia ndama. Wewe hujawaona wanawake wa kijiji cha Matambarale wanavyotoka shamba, gunia la mbaazi kichwani, mtoto mgongoni, na bado wanasengenya. Letisia amelelewa nao.

Nikupe na kichekesho. Jirani yangu Dionisia ameniona dirishani narusha vijiwe peke yangu na kumsemesha mtu asiyekuwepo. Ameshapitisha habari mtaani kwamba mzee Fransisko anapiga ramli. Nilingoja katekista aje kunitenga na sakramenti. Aliyekuja ni Dionisia mwenyewe, na sahani ya vitumbua, amejifunika khanga hadi puani. Anataka kujua kama mumewe aliyekwenda Mtwara atarudi. Nikarusha. Ikatoka kumi na nne. Akaniandikia kwenye kiganja, maana hata kupiga kelele alishachoka: kumi na nne ndiyo nini? Nikamwambia ni zaidi ya nusu. Akaondoka amefurahi, Makoye. Vitumbua nilikula vyote, na nilimzuia asiondoke mapema kwa kumpa historia nzima ya vibwengo. Alikaa mpaka kwenye zimwi la kwanza, kisha akakumbuka jikoni kwake.

Fungua lango. Ndani kuna nini?

Mtani wako,
Fransisko


Mbwemkuru,
18 Agosti 2024

Shikamoo mzee,

Samahani kwa kuchelewa. Mto umeanza kukatika, umebaki madimbwi, na tunaamka kugombea maji na watu ambao zamani tulisalimiana nao. Ufuta wa mtu uliliwa. Si na ng'ombe wangu, lakini ng'ombe hana jina usoni. Tuyaache.

Hii ni ishirini yako ya tatu tangu Pasaka. Mimi sisemi kitu. Penina ndiye amesema, tena amecheka mpaka akaketi chini.

Nimetafuta kwenye kitabu sheria ya mtu anayerusha akiwa peke yake ndani ya nyumba. Haipo. Waliokiandika walidhani watu watakuwa wamekaa pamoja. Basi nimeitunga mimi, na tangu leo ni sheria kama zile nyingine: anayerusha peke yake anaaminiwa, na ajue kwamba anaaminiwa.

Kwa hiyo ishirini imepita. Vibwengo hawakuona kitu. Mmeingia. Ndani kuna ukumbi mrefu umejaa watu wa mawe, wamesimama kama wanasubiri zamu kwenye dirisha la dawa. Joka limelala mwisho wa ukumbi. Halioni, lakini Letisia ameweka mguu chini na kokoto imelia. Joka limegeuza kichwa na kupumua. Pumzi yake inageuza mtu kuwa jiwe. Mashimba yuko mgongoni, amekingwa na mwili wa Letisia. Letisia ndiye anayepigwa. Rusha. Sita kwenda juu amepona. Chini ya hapo ni jiwe.

Mtani wako,
Makoye


Nachingwea,
15 Septemba 2024

Makoye,

Sijambo. Nimevuna mbaazi peke yangu, kidogokidogo, na wewe umeniambia ya huko nikayaelewa hata yale uliyoyaacha. Pole.

Moja.

Nimerusha asubuhi, uji ukiwa mezani. Moja. Nikaitazama mpaka uji ukaganda. Kumi na mbili ingeandikika vizuri tu, tena kumi na mbili ni namba ya mtu wa kawaida, hata Penina asingecheka. Nani angejua? Mama Mkuu alikuwa nje. Lakini wewe umeniharibia na hiyo sheria yako. Ungeniita mwizi ningekudanganya kwa raha zangu zote.

Basi amekuwa jiwe, mkono mmoja mbele, Mashimba bado amemng'ang'ania mgongoni.

Nina maswali, na uyajibu kwa utaratibu, usirukeruke. Aliyegeuka jiwe anasikia? Watu wakipita karibu yake anajua ni nani? Akisemeshwa inamfaa chochote, au anayemsemesha anajisumbua? Anahesabu siku? Na je, kitabu kinasema mwenzake akae naye kwa muda gani kabla hajaruhusiwa kwenda zake?

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza. Naona midomo inaimba. Nami nikafungua wangu, sijui niliimba wimbo upi, ila mama mmoja mbele yangu aligeuka.

Jibu upesi. Korosho zinakuja, Adinani akianza kubeba korosho atasahau kuku na barua pia.

Mtani wako,
Fransisko


Mbwemkuru,
24 Novemba 2024

Shikamoo mzee wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nayajibu kwa utaratibu kama ulivyotaka.

Aliyegeuka jiwe hasikii. Hajui nani amepita. Hazeeki, haoni njaa, hahesabu siku. Kumsemesha hakumfai yeye, kunamfaa msemaji. Kitabu hakisemi mwenzake akae kwa muda gani. Kinasema tu hivi: hufunguliwa na mwenzake aliyeingia naye pangoni. Mwenzake amguse, kisha irushwe dadu kubwa, mara moja tu. Kumi na tano kwenda juu, anafunguka. Ikipungua, anabaki vile milele na hakuna wa kujaribu tena.

Sasa la kwangu. Kaka yangu Isaka ameniita Mpanda. Kule ana malisho, na huku tumewachosha watu, na wao wametuchosha. Nilikataa mara mbili. Ya tatu Penina alifunga vyombo bila kuniuliza. Malori ya ng'ombe yanakuja wiki hii kabla mvua hazijaharibu barabara.

Sitapita Nachingwea kuaga. Nikikaa kwenye ile meza sitainuka, na lori halisubiri.

Adinani anakuletea kitabu. Sasa una mchezo mzima, sheria na dadu. Hapo hospitali kuna manesi vijana, wafundishe. Ulinifundisha mimi nikiwa na maumivu na hasira, watakushinda wao?

Usiwe unarusha na kuku.

Mtani wako,
Makoye


Nachingwea,
2 Machi 2025

Makoye, mtani wangu,

Mimi bado nipo. Wewe je? Penina? Kaka Isaka? Leo nauliza hata ng'ombe: wamefika wangapi, na yule mwekundu mwenye pembe moja amesalimika safari? Andika kurasa nne, nitazisoma.

Nimechelewa kwa sababu uliondoka bila anuani, kama mtu anayekwenda chooni. Adinani ndiye aliyezunguka mpaka akampata ndugu wa Penina kule Nanganga, akapewa namba ya sanduku la posta la shule anayosoma mwanao. Nimemlipa kwa kumsifia pikipiki.

Kitabu kilifika. Umekifunga kwenye kitenge, vizuri sana, kama maiti ya mtoto. Nikakiweka mezani, na dadu pembeni yake. Ni mara ya kwanza vinakutana tangu utoke wodini. Ukasema nina mchezo mzima. Makoye, ulipokuwa na nusu na mimi nusu, ndipo nilikuwa na mchezo mzima. Hivi sasa nina sanduku.

Nilijaribu. Nilivuta kiti chako. Nikacheza mimi Letisia, nikamcheza Mashimba pia, huyo kwa sauti nzito. Sauti zenyewe sizisikii, kwa hiyo sijui zilifikia wapi, ila Dionisia alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani nimevamiwa. Aliponikuta peke yangu hakucheka. Afadhali angecheka. Amekuwa akiniletea mboga tangu siku hiyo, na naijua mboga ya huruma, haina chumvi.

Kizungu changu ni cha jikoni, kinaishia kwenye chumvi na mayai. Nikakaa na kitabu chako nikitazama picha kama mtoto wa chekechea, mwisho nikafuata ushauri wako. Nilikibeba hadi hospitali. Yupo nesi anaitwa Faith, wa wodi ya wanaume, na mimi ni mzee wa sabini na nne, usianze maneno. Nilimwomba anitafutie ukurasa wa watu wa mawe. Akaniandikia kwa Kiswahili, herufi kubwa. Ni kama ulivyosema, hukunidanganya hata nukta. Mwenzake aliyeingia naye. Amguse. Mara moja tu. Aliniuliza, kwa kuandika, mbona sirushi basi, dadu si unazo?

Nilirudi nyumbani, nikaishika ile kubwa. Nilishaipasha joto mkononi, Makoye. Ilibaki kuiachia tu. Ikitoka kumi na tano binti anatembea. Halafu anatembea aende wapi? Na nani? Na ikitoka nne, basi, nimefunga kitabu.

Niliirudisha mezani bila kuirusha. Mama Mkuu alikuwepo, safari hii alikuwepo kweli.

Sasa sikiliza. Mwenye kitabu ndiye mwamuzi, ilikuwa hivyo ulipokuwa nacho wewe, na leo ninacho mimi. Kwa hiyo hii ni hukumu yangu ya kwanza, na hukumu za mwamuzi hazibishiwi kwa simu. Kitabu kinasema mwenzake. Hakisemi mtu mwingine yeyote mwenye dadu. Mashimba ndiye aliyeingia naye, yuko mgongoni kwake mpaka sasa, hajateremka, hata kama amehamia Mpanda. Faith amepekua ukurasa wa mbele na wa nyuma, hakuna mahali panapokataza mwenzake kurusha akiwa mbali.

Ndani ya kifurushi hiki kuna soksi. Nimeifua. Ndani ya soksi ni dadu zote saba. Dionisia amelalamika, anauliza nani sasa atamwambia habari za Mtwara. Nimemwambia asubiri barua, kama watu wengine.

Kitabu kinabaki kwangu. Faith atanisomea siku zake za mapumziko, na wewe uniulize kesi zako zote, hata zile za kijinga. Tumegawana tena, na safari hii wewe ndiye umepunjwa.

Mimi nimesimama hapahapa ukumbini, mkono mmoja mbele. Mguse, halafu rusha mwenyewe. Uniandikie imetoka ngapi.

Ukiandika ishirini, nitaamini.

Mtani wako,
Fransisko