Majina Niliyoyaandika kwa Wino Mwekundu

Jumapili. Jua limetoka kana kwamba jana hakukutokea kitu. Mwezi wa kumi unaisha na Guangzhou bado inachemka, nepi za mwanangu mdogo, Idi, zimekauka kabla ya saa nne. Nimelala kidogo sana, na safari hii si kwa sababu ya meno ya Idi.

Nina hasira. Naziandika hapa ili nisije nikawamwagia watoto.

Nianze na kosa langu, maana ni langu. Jengo letu huwa wanafanya Halowini kwa ajili ya watoto. Wanavaa nguo za mizimu, wanapita mlango kwa mlango kuomba peremende, wazazi wanapiga picha. Mimi nilikataa. Wiki nzima nilimwambia Nasra kwamba sisi Waislamu hatusherehekei mashetani, na kubisha milango ya watu kuomba hatukulelewa nako. Nasra ana miaka sita. Hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa Tongtong atashikana mkono na nani?"

Tongtong anakaa ghorofa ya nane, sisi ya kumi na moja. Ndiye rafiki pekee aliye naye mwanangu katika jengo hili. Kabla yake, Nasra alikuwa akishuka kucheza watoto wanakuja kumgusa nywele, halafu wanakimbia. Tongtong naye aligusa nywele. Ila yeye akabaki.

Basi nikalegea. Nikakata baibui langu la zamani nikamshonea mabawa ya popo. Mama, kama unasoma hapa, nisamehe.

Na mimi nikifanya jambo, nalifanya sawasawa. Kila mlango ulitakiwa uwe na zawadi, kwa hiyo Ijumaa nilikaanga visheti na Idi yuko mgongoni. Nikavitia kwenye vifuko vyeupe vya viatu ambavyo mume wangu, Shaabani, alibakiwa navyo dukani. Shaabani anafanya kago pale Xiaobei, anapokea mizigo ya wafanyabiashara na kuipeleka Dar. Nimekaa naye dukani miaka miwili kabla Idi hajazaliwa. Kitu nilichojifunza pale ni kwamba roba la mzigo likiandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu nene nyekundu, halipotei. Ndivyo ninavyojua mimi. Kitu cha mtu unayemjali, jina lake unaliandika kwa nyekundu.

Nikayaandika majina kumi na mawili. Kichina sijui kuandika, nimeyachora tu, mstari kwa mstari, kutoka kwenye orodha ya kundi la kina mama kwenye simu. Jina la Tongtong limejaa mistari kama dirisha la nondo, halafu linajirudia mara mbili. Nilililochora mwanzo nikalitupa, nikachora tena, nikatupa tena. La tatu likanyooka. Nilijivunia, sitasema uongo.

Jana saa kumi jioni wakaja. Wamepanga foleni mlangoni, wanacheka, kila mmoja anatafuta jina lake. Mtoto mmoja mkubwa alilitazama la kwake akaacha kucheka. Sikutilia maanani. Nasra akatoka nao, mabawa yake yanaburuta, mkono wake ndani ya mkono wa Tongtong.

Hazikupita dakika kumi nikasikia makelele kwenye lifti.

Ni bibi yake Tongtong, na nyuma yake mama yake Tongtong na wanawake wengine wawili wa jengo. Kifuko chenye jina la mjukuu wake amekishika kwa ncha za vidole. Akakitupa miguuni pangu, akatema mate pembeni, "Pei! Pei! Pei!" Yule bibi anasema Kikantoni, silijui hata neno. Mama Tongtong akaongea na simu yake, akanielekezea. Simu ikatamka Kiswahili safi, sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ya habari:

"Kwa nini unawatakia watoto wetu kifo?"

Nikasema, "Kifo gani? Ni visheti hivyo!"

Simu ikawatafsiria. Sijui iliwaambia nini, maana nyuso hazikubadilika. Mmoja wa wale wawili akaichukua, akaongea kwa haraka, ikanijibu: "Mgeni ajifunze kwanza, ndipo aguse majina ya watu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwonyesha Tongtong mwenyewe, aliyesimama amejifunga shuka jeupe, damu ya rangi mdomoni, shoka la plastiki limeingia kichwani. Nikauliza, "Na huyu je? Huyu mmemtakia nini?" Chini kwenye ukumbi wa jengo wameweka jeneza la boksi, wanapigia picha. Jeneza! Lakini mchawi ni mimi, na kalamu yangu.

Hakuna aliyetafsiri hilo.

Nasra na Tongtong walikuwa bado wameshikana mikono. Bibi akainama, akaubandua mkono wa Nasra kutoka kwa mjukuu wake, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa kupe. Wakaondoka.

Kalamu nitaisahau. Vile vidole, hapana.

Shaabani aliporudi nikamweleza. Unajua alisema nini? "Kwani hukujua, Mama Nasra? Hawa jina la mtu aliye hai hawaliandiki kwa nyekundu. Nyekundu ni ya marehemu. Mizigo ya mabosi wa viwandani tunaandika nyeusi tu."

"Na jana ulipita hapa mezani mara mbili."

"Nilijua unaniandikia mzigo wa mteja."

"Mzigo wa visheti, Baba Nasra?"

Akaenda kuoga. Afadhali alienda.

Sasa niseme lile ambalo sikutaka kulisema. Ningekuwa kwetu Temeke, mgeni ambaye hata simjui vizuri akamletea mwanangu kifuko cheupe kilichofungwa kamba, kina jina lake kwa nyekundu, mimi nisingeishia kutema mate. Ningeita shehe. Ningepiga kelele mtaa mzima ukatoka. Yule bibi aliogopa, na ile hofu naijua, nimezaliwa nayo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hata kumchukia sipati kumchukia kwa raha.

Na haya yote ningeyameza. Lakini wakati namwogesha Nasra, namtoa rangi nyeusi ya popo puani, akaniuliza polepole, "Mama, ukilifuta jina, Tongtong hatakufa?"

Simu ilinitafsiria sentensi mbili. Nasra anasikia lugha zao zote. Alizisikia sentensi zote.

Nilimwambia wino hauui mtu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowaitikia watu wasiojua kitu.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemshusha chini kwa makusudi. Tongtong alikuwa kwenye bembea. Nasra akasimama mbali, akamtazama muda mrefu, akasema, "Yupo." Nikahisi kiganja chake kimelegea ndani ya changu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwendea. Kichina changu ni cha kununulia viatu sokoni Zhanxi, lakini "duibuqi" naijua, na samahani hiyo niliitoa kwa moyo. Nikasema nyekundu, sikujua. Akatazama viatu vyangu, akatikisa kichwa kidogo kukubali. Sawa. Halafu nikauinua mkono wa Nasra, ule ule alioubandua, nikamwonyesha, nikasubiri. Maneno ya hilo sina kwa Kichina.

Akageukia bembea.

Alielewa. Mtu mzima haelewi vipi? Tongtong akaita jina la Nasra kwa nguvu, bibi akasema neno moja fupi, mtoto akanyamaza. Tukapanda juu.

Nimewaza tangu asubuhi. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimia, hata kama mkubwa amekosa, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Nasra. Kesho saa moja na nusu, tukienda shule, tutakutana na huyu bibi ndani ya lifti, kwa sababu kila siku tunakutana naye. Nitamsalimia mimi kwanza, maana mwanangu atakuwa ananitazama. Asipoitika, nitamsalimia tena tukifika chini. Na keshokutwa. Na wiki ijayo. Kwa sauti ya heshima, usoni kwake, Nasra akiwa mbele yangu, mpaka aniitikie mimi, na amwitikie Nasra pia.

Atazichoka salamu zangu kabla mimi sijachoka kuzitoa.