Mchanga wa Nguzo ya Tatu

Shika Adabu, Likoni
Alhamisi

Kwako mdogo wangu Nyevu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulea sisi yatima wawili mpaka tukazeeka. Mguu wako umepoa? Na huko Kisauni mvua imewaacha? Mimi nipo, ila pumzi imekuwa ya kuhesabu. Daktari alimwambia binti yangu Purity jambo pembeni, akidhani sisikii. Kwa hiyo sitakuzungusha. Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na saba, na jambo hilo ndilo lililomweka mwanao Gedion rumande. Soma barua hii yote kabla hujalia, na kabla ya kesi ya Jumatatu.

Najua wasemavyo watu: lori la Gedion lilijazwa kokoto kupita kiasi, daraja la Kwa Munga likashindwa, na tuktuk iliyokuwa nyuma yake ikatumbukia na dereva wake Rama na abiria Mwanarehema, wakafa wote wawili. Hata mimi nilisema hivyo. Nilipokwenda kumwona, Gedion aliniapia kwamba mzigo ulipita mizani salama. Nikamshauri akiri kosa ili apunguziwe kifungo. Akaniuliza kama mjomba naye hamwamini. Nikajibu kwamba mjomba humtakia mema mpwa wake. Akainamisha kichwa, akasema sawa, mjomba, atakiri.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyesimamia ujenzi wa daraja lile, nawe ukijigamba sokoni kuwa ni daraja la kaka yako. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Nino. Njia za kuletea mchanga wa mtoni zilikuwa zimekatika, na mkandarasi akaleta malori matatu ya mchanga ambao hakusema umetoka wapi. Kioko, fundi Mkamba aliyekuwa akichanganya zege, alitia kidogo ulimini akatema. Akaniambia mbele ya vibarua kwamba mchanga huu ni wa ufuoni, na chumvi yake itakula nondo ndani ya zege. Uoshwe au urudishwe.

Mimi, mzaliwa wa pwani, tena niliyesoma, nifundishwe bahari na mtu wa bara! Nilimwuliza kama kwao, ambako visima ni vya chumvi, kuna ulimi unaojua maji matamu. Vibarua walicheka mpaka wakaegemea sepetu. Mmoja akamwita Kioko mpishi, akamwomba awapakulie. Kioko hakucheka. Alichota mchanga kiganjani, akaninyooshea mkono, akasema basi mzee onja wewe, na hawa wakuone.

Nikaonja. Nikasema, mtamu.

Pale kazini mtamu maana yake hauna chumvi, na nikishasema mimi hakuna wa kupinga. Zege likamwagwa nguzo ya tatu mchana ule ule. Kioko alinawa mikono, akachukua mwiko wake akaenda zake.

Daraja lile, Nyevu, lilijengwa kwa namna ambayo kila kipande kilikaa juu ya nguzo moja, bila nyingine ya kukishika ile ikichoka. Na maji yakijaa huilowesha nguzo ya tatu mara mbili kwa siku. Nilipostaafu nilikuwa nikiteremka pale na mkongojo wangu. Kwanza niliona michirizi ya kutu. Baadaye zege likavimba na kupasuka kama muhogo uliochemka sana. Nikigonga kwa jiwe, lilitoa sauti ya mtungi mtupu. Wakaja mafundi wakapiga plasta na rangi, likapendeza. Nami nikanyamaza. Kila Jumapili nikilipita kwenda kanisani nilimwomba Mungu daraja lile linizike mimi kwanza.

Sasa mpe wakili barua hii. Vipande vya nguzo hiyo iliyovunjika bado vimo matopeni. Wavisage, wapime chumvi. Kioko yu hai, ana karakana ya vyuma Changamwe, na Purity, anayekuletea barua hii, anaijua. Mwambie Gedion asikiri lolote, mjomba ameyafuta maneno yake. Jumatatu nitakuja mahakamani mwenyewe, na miguu ikigoma nibebwe. Ukinikuta pale usinisalimie kama hutaki. Sitakulaumu.

Nisalimie wajukuu wote, na jirani yako Dama, mwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia. Mama yake Rama sithubutu kumpelekea salamu. Ukimwona, msomee barua hii.

Neno la mwisho. Wakili atataka kunihurumia. Atasema mzee alikosea, ulimi ulikuwa umeungua kwa tumbaku, au jua lilikuwa kali. Usimkubalie. Kioko anajua nilichosema, lakini nilichoonja nakijua peke yangu. Ilikuwa chumvi tupu, Nyevu, nami nilijua kabla sijafumbua mdomo.

Ni mimi kaka yako,
Katana